Huenda ni Masizi ya Kwetu

Wifi yangu alishuka kwenye basi la kutoka Uganda na begi moja, na chupa ya soda aliyoifunga kwa kitenge. Ndani ya chupa kulikuwa na maji, na chini yake uchafu mweusi.

"Hii ni yako," aliniambia. "Alisema nikuletee wewe mwenyewe."

Aliyesema hivyo ni mdogo wangu, mume wake. Tulikimbilia Uganda tukiwa watoto. Mimi nikarudi Juba, yeye akabaki, akaoa, akawa mpagazi kwenye milima ya Rwenzori, akiwabebea watafiti masanduku yao hadi kwenye theluji ya juu kabisa. Alikufa kwa homa ya mapafu na akazikwa huko huko. Sikufika mazishini. Tangu hapo situlii. Nikikaa nasimama, nikisimama natafuta mahali pa kufagia, hata kama nimeshafagia.

Alikuwa akinipigia simu na kunieleza kazi yao. "Dada, theluji nayo ina majira. Ukichimba shimo unaona matabaka. La wakati wa mvua ni jeupe, safi. La kiangazi ni la kijivu, lina masizi na chumvi, maana huku chini watu wanachoma nyasi na upepo unapandisha moshi. Na upepo wa kiangazi unatoka kaskazini. Kaskazini ni wapi? Si kwetu?" Hapo alikuwa akicheka. "Mimi sijarudi, lakini masizi ya shamba la baba yamenifuata."

Maji ya kwenye chupa yalikuwa theluji hiyo ya kiangazi, imeyeyuka.

Wifi alikuwa na mpango wake. Jumapili, siku ya kumaliza matanga, angeyamwaga uani kwangu, hapa mtaa wa Buluk, na mimi kama dada mkubwa ningesema mbele ya watu kwamba ni udongo wetu uliomwendea, na sasa unarudi kwa niaba yake. Yalikuwa maneno mazuri. Shida ni kwamba sikujua kama ni ya kweli. Siwezi kusimama juu ya jina la marehemu nikasema nisichokijua. Nililala nayo, nikaamka nayo.

Habari ikaenea kwa majirani kwamba nina theluji. Hapa barafu ya kuweka kwenye juisi inaitwa telij, na theluji ya mlimani ni telij hiyo hiyo. Jirani yangu akaja na jagi.

"Mama, mimi iko na juisi ya karkade, imekuwa moto kama chai. Nipe telij kidogo."

"Imeyeyuka."

"Sasa telij imeyeyuka unaificha ya nini?"

Wifi alicheka, mara ya kwanza tangu afike. Nami nilicheka, kisha nikaichukua chupa na kutoka nayo, kwa sababu sikuweza tena kuiangalia mezani.

Nilienda mtaa wa Atlabara kwa Mkenya mmoja anayepima maji ya visima. Hununua chai na chapati kwangu, na watu wote humwita injinia. Nje ya mji walikuwa wakichoma nyasi, na masizi yalikuwa yakianguka kwenye nguo zilizoanikwa. Njia nzima nilibadilisha chupa kwapa hili na lile.

Nilimsimulia yote ya mdogo wangu na watafiti wake. Alichovya kipimo chake, kitu kama kalamu nene, akasubiri.

"Kuna chumvi, mama. Theluji safi haingesoma hivi."

"Kwa hiyo ni masizi ya kwetu."

"Hapo sijafika. Chupa yenyewe ilikuwa ya soda. Halafu theluji ikianza kuyeyuka, maji ya kwanza huondoka na chumvi nyingi, sasa sijui ndugu yako aliichota lini. Na moshi hauna kitambulisho. Unaweza kutoka hapa, unaweza kutoka Kongo. Hao watafiti walimwambia nini hasa?"

Nilimpigia wifi pale pale, nikamuuliza.

"Walisema huenda unatoka Sudan Kusini," alisema. "Yeye akisimulia, hilo neno huenda alikuwa analiacha."

"Na wewe ulijua."

"Wifi, hakuwa na kitu kingine cha kwenu."

Injinia alikuwa akifuta kipimo, akijifanya hasikii. "Mama, usiidharau huenda," alisema. "Ndiyo inanilisha. Chai yako tu usiniletee niipime, tutakosana."

Jumapili watu walikaa kwenye viti vya plastiki, mchungaji akaomba. Wifi alisimama ameishika chupa kwa mikono miwili, na alinitazama kama mtu anayengoja kuaibishwa. Nilikuwa sijaamua hata wakati ule nilipofungua mdomo.

"Haya ni maji ya theluji aliyoichota mdogo wangu kwa mkono wake," nilisema. "Yana masizi. Huenda ni masizi ya kwetu."

"Huenda?" aliuliza yule jirani wa jagi kutoka nyuma.

"Huenda. Yeye aliamini ni ya kwetu."

Wifi alishusha pumzi, akainama, akamwaga. Ardhi ilikuwa kavu, ikayanywa mara moja, pakabaki doa dogo jeusi. Tangu asubuhi masizi ya nyasi yalikuwa yakianguka uani, na baada ya muda sikuweza kusema doa linaishia wapi. Niliufuata ufagio ukutani, nikaushika, nikaurudisha. Kisha nikakaa kando ya wifi. Sikukaa sana, lakini nilikaa.