Plombe ya Namba 112

Wanaonijua hapa Lubumbashi wanajua mimi si mtu wa kuona vivuli. Kazi yangu ni pampu za mazutu, yaani dizeli, zaidi ya miaka thelathini sasa, na pampu haina maneno mengi: ama inasukuma, ama haisukumi. Haya ninayokusimulia yalitokea saa nane mchana, jua likiwa utosini, na tulioona tulikuwa watatu. Mmoja ni mke wangu. Ukitaka kubisha, kabishane naye kwanza, halafu uje kwangu kama bado una nguvu.

Ilikuwa enzi za Zaire, shaba bado inalisha mji mzima, na Jumamosi wote tunashika jembe kwa salongo, kazi ya umma, tupende tusipende. Nilijifunza ufundi katika gereji kubwa ya kampuni ya shaba, chini ya mzee mmoja wa Luapula, Baba Mwansa. Sikio lake la kushoto liliuawa na mashine, kwa hiyo akisikiliza injini aligeuza la kulia, akafumba macho, na sisi wote tukanyamaza. Kelele ya nozeli moja tu mbovu haikumpita.

Katika gereji ile kila fundi wa pampu alikuwa na koleo lake la plombe. Plombe ni kipande kidogo cha madini ya risasi, kama punje ya hindi, kinachobana waya juu ya skrubu ya mazutu. Ukishapima pampu na kuridhika, unafunga waya, unabana risasi kwa koleo, na namba yako inabaki pale. Ya Baba Mwansa ilikuwa 112. Maana yake: mazutu yanayoingia hapa niliyapima mimi, usiguse. Na mafundi walikuwa na desturi yao. Hukati plombe ya mwenzako kabla ya kumwita na kumwambia. Kama amekufa, unamwita vilevile, kwa sauti, kwa jina lake, ndipo unakata.

Baba Mwansa alikufa. Mimi ni mmoja wa waliobeba jeneza lake. Wiki iliyofuata nilipeleka koleo lake stoo, na mtunza stoo akaisaga ile namba kwenye jiwe la kunolea mpaka meno ya koleo yakabaki laini, ili mwingine asiitumie. Niliiona ikisagwa. Kumbuka jambo hilo, tafadhali.

Miaka miwili baadaye nilikuwa nimeacha kampuni, nina kibanda changu cha ufundi katika mtaa wa Kenya, hapa hapa Lubumbashi. Mke wangu alikuwa Pweto, mbali huko ziwani, kwa mama yake, na mimba yetu ya kwanza, ya miezi minane na zaidi. Mchuuzi mmoja wa samaki akaniletea salamu mbaya: mtoto amelala kikingama, muuguzi wa kule amesema asijaribu kuzalia Pweto, aletwe Lubumbashi apasuliwe, na aletwe upesi. Unafikiri nililala siku ile?

Gari pekee nililoweza kuazima ni jeep ya jirani yangu Baba Saidi, Mwislamu mwenye asili ya Maniema, aliyeacha ushonaji akaingia kwenye samaki wakavu. Alikuwa na moyo mzuri na mkono wa birika. Alinipa gari bila kusita, ila akasema kwa kuwa nakwenda Pweto, nirudi na magunia yake sita. Jeep yenyewe ilikuwa kuukuu, ya mazutu, aliinunua kampuni ilipoitupa. Kwenye vilima ilikohoa kama mzee wa tumbaku. Kwa mwendo wake wa kawaida ningefika mtoto ameshaamua mwenyewe.

Sasa hapa nikuambie ukweli wa kazi, maana wengi huniuliza hadi leo jinsi ya kuipa nguvu dizeli ya zamani. Unaanza na hewa. Unaosha filta, unabadilisha oili yake, unapima nozeli, unarekebisha nafasi za valvu, unaangalia kama bomba la moshi halijaziba masizi. Mara nyingi nguvu unayoitafuta imo humo humo, imekabwa tu. Skrubu ya mazutu ni ya mwisho kabisa, na hata hiyo unaigusa kidogo. Nilijua yote haya. Lakini nilikuwa na alasiri moja, na kichwa changu chote kilikuwa Pweto. Nikaenda moja kwa moja kwenye skrubu.

Juu yake palikuwa na plombe, imeshakuwa ya kijivu, namba 112. Jirani yangu wa kibanda, Tshibangu, mchomeleaji kutoka Kasai, aliiona akaniambia, “Ita mwenyewe mbele ukate.” Nikacheka. Nikamwambia marehemu hana simu. Nikakata, nikaitupa plombe kwenye kopo la misumari, nikazungusha skrubu mzunguko mmoja na nusu ili mazutu yaingie mengi.

Jeep ilibadilika, lazima nikiri. Ilipanda vilima kama imeibwa. Nyuma ilitoa moshi mweusi mpaka wapanda baiskeli wakanitukana, na mimi nikajisifu moyoni. Nilifika Pweto mapema kuliko nilivyotarajia. Nikamlaza mke wangu kwenye godoro nyuma, mama yake akakaa kichwani pake, magunia sita nikayabana pembeni na juu, dumu moja la maji miguuni pangu, tukaanza kurudi.

Baada ya Kilwa, ile ya kwetu, si ile ya pwani, kuna mpando mmoja mrefu, ukuta wa mawe upande huu, genge upande ule, huoni pa kugeuzia gari. Nusu ya mpando mshale wa joto ulisimama kwenye nyekundu. Injini ikaanza kugonga, ikapoteza nguvu, ikazima. Nikaruka kuweka mawe chini ya magurudumu. Rejeta ilikuwa inapiga mvuke. Nyuma mke wangu aliuma kanga yake asipige kelele, na mama yake akampangusa jasho. Tulikaa pale muda mrefu, hapakupita gari wala baiskeli. Niliogopa kwa namna ambayo sijawahi kuogopa tena. Nilijua kosa ni langu, na nilijua watakaolipa ni wale wawili.

Nilipoinua kichwa, mtu alikuwa amesimama mbele ya boneti. Sikusikia hatua zake. Alikuwa kijana wa miaka thelathini hivi, sura siijui, amevaa ovaroli ya bluu iliyofungwa vifungo hadi shingoni katika jua lile, na hana hata tone la jasho. Hakusalimia. Aliinama juu ya pampu, akatazama pale nilipokata.

“Njo nani alikata plombe?” akauliza.

“Miye.”

“Uliita mwenyewe?”

Angekuwa mtu mwingine ningemwambia haimhusu. Lakini yule alivyouliza, nilijikuta nafuta mikono kwenye suruali kama mwanafunzi. Hakuningoja. Aliweka kiganja kitupu juu ya kifuniko cha rejeta, akakifungua. Wewe unaendesha gari, unajua ni nini kufungua rejeta inayochemka. Mvuke ulimzunguka mkono hadi kiwikoni, na aliacha mkono pale kama mtu anayepima maji ya kuoga. Kisha akachukua dumu langu, akamimina polepole, yote, hadi tone la mwisho.

Akafungua filta ya hewa. Ndani mlikuwa na tope la vumbi na oili, na niliona aibu, maana kazi ile ilikuwa yangu. Akaiosha kwa mazutu, akanyoosha mkono bila kunitazama nimpe oili safi. Nikampa. Akarudisha skrubu mzunguko mmoja na nusu kamili. Mimi sikuwa nimemwambia niliizungusha kiasi gani. Akaniamuru niwashe. Injini ikawaka, naye akageuza sikio la kulia, akafumba macho.

Utasema hapo ningepaswa kumjua, ingawa Baba Mwansa mimi nilimkuta tayari mzee. Nami nakuuliza, wewe ungefikiri hivyo, mke wako akiwa katika hali ile? Nilichofikiri ni kwamba huyu ni fundi, ashukuriwe Mungu.

Akasema nishushe magunia manne. Nikamwambia si yangu, nimeaminiwa. Akanitazama kwa mara ya kwanza.

“Samaki ilikwisha kufa. Muke yako bado. Shusha.”

Nikashusha. Akatoa koleo mfukoni, akafunga waya, akabana. Nilisikia mlio wa risasi ikibanwa. Mke wangu alikuwa amejiinua kidogo nyuma, na unajua sisi, mtu akikuokoa njiani humpi pesa, unampa mtoto abebe jina lake. Akamuuliza kwa sauti ya uchovu anaitwa nani, ili mtoto apewe.

“Jina yangu niko naitumia bado,” yule mtu akasema. “Mumupe ingine.”

Akaniambia nipande kwa gia ya kwanza, nisiibadilishe mpaka juu, na nisisimame mpaka mjini. Nikaondoka. Baada ya hatua kama ishirini nilitazama kwenye kioo. Magunia manne yalikuwa pale pembeni, yamepangwa. Mtu hakuwepo. Ukuta wa mawe upande huu, genge upande ule.

Tulifika Lubumbashi kulipokucha. Walimpasua asubuhi ileile. Mtoto alikuwa wa kike, mdogo, ana hasira nyingi, na mama yake alipona. Nililia mbele ya wauguzi na sioni haya kusema.

Siku ya tatu nilikuwa naosha injini ili nimrudishie Baba Saidi gari lake. Nikapangusa pampu. Plombe ilikuwa mpya, inang'aa, na namba yake ilikuwa 112. Nilikimbilia kopo la misumari. Ile ya zamani ilikuwemo, ya kijivu, imekatwa. Zote mbili ninazo hadi leo. Baba Saidi alipoliuza gari nilimwomba mnunuzi aniachie ile ya pili, nikamwita Baba Mwansa kwa jina, ndipo nikaikata. Njoo uzione. Uniambie ni koleo gani lililobana, wakati meno yalisagwa mbele ya macho yangu.

Baba Saidi aliposikia nimeyaacha alininunia, akafuata magunia yake baada ya siku tano. Alikuta yote manne, kamba hazijafunguliwa, na wewe unajua njaa ya barabara ile. Aliacha kuninunia, lakini hakutaka tena kupita pale peke yake. Na jeep ile, kwa miaka yote aliyokaa nayo, haikuomba maji tena. Kila wiki nilifungua rejeta, nikakuta imejaa hadi shingoni. Haikuwa na mbio. Ilipanda kila kilima taratibu, ikafika.

Mtoto tulimpa jina la bibi yangu. Hapo ndipo mjane wa Baba Mwansa alipokuja, amekasirika. Alisema mumewe alinilea kama mwanawe, na mimi nimepata mtoto nikaliacha jina lake. Nikamketisha, nikamweleza yote kama nilivyokueleza wewe. Nilidhani atalia, au ataniita mwongo. Alisikiliza, akaigeuza ile plombe ya kijivu kiganjani. Hakuniuliza kama ni kweli. Aliniuliza jambo moja tu.

“Mulimupa hata maji ya kunywa?”

Mtu alisimama juani kwa ajili yangu, akaosha filta yangu, akaokoa mke na mtoto, na maji pekee tuliyokuwa nayo niliyaacha yote yaingie kwenye rejeta. Sikumwambia hata karibu. Mama yule akanirudishia plombe, akaenda zake. Tangu siku hiyo sisafiri na dumu moja.

Kwa hiyo wewe mwenye dizeli ya zamani, unayetaka nguvu, osha filta kwanza. Ukifika kwenye skrubu ukakuta plombe ya mtu, soma namba, uliza ni ya nani, umwite kwa jina kabla hujakata, hata kama jirani zako watacheka. Na ukikwama kwenye mpando ule baada ya Kilwa, akaja fundi wa ovaroli ya bluu, usimuulize jina. Mpe maji anywe kwanza. Mwambie ni yale ninayodaiwa mimi.