Mnanaa Alioogopa Kuukata

Baba yangu ni dobi, na kwa pasi hana mpinzani mtaa mzima. Suruali ikitoka mezani kwake, mstari wake unaweza kukukata kidole. Hapo napiga chuku, lakini kidogo tu. Kwa ubishi pia hana mpinzani, na hapo sipigi chuku hata kidogo.

Kwa miaka ishirini na sita alipiga pasi upande mmoja wa meza, mama akinyunyiza na kukunja upande wa pili. Maji ya mama hayakuwa maji matupu. Aliloweka majani ya mnanaa katika maji ya moto, akayaacha yapoe, akayachuja kwa kitambaa yasije yakatia nguo doa, kisha akayajaza kwenye chupa aliyoitoboa kifuniko kwa msumari. Kuna wateja waliokuwa wakinusa shati kwanza ndipo wanasalimia.

Mnanaa wenyewe uliota uani chini ya bomba. Mwezi mmoja baada ya kumzika mama, baba aliung'oa wote, akautupa. Alidai unaleta mbu. Sote tulijua ni uongo. Harufu ile ilikuwa inamrudishia mama kila alipopita uani. Habari zilipomfikia mama mdogo, ndugu pekee wa mama, alinuna, na tangu siku hiyo hakukanyaga kwetu.

Mwaka wa pili baba akaanza kuutamani. Hakusema, ila nilimwona akinunua fungu sokoni, ananusa, anakunja uso, anampa jirani. Akapanda mbegu za dukani. Ziliota vizuri tu, lakini harufu yake ilikuwa ngeni. Mbegu za mnanaa si za kuaminika: ukiutaka ule ule, sharti upate kitawi cha ule ule. Na kitawi hicho kilikuwa kwa mama mdogo, ambaye mama alimkatia siku alipohamia nyumba yake.

Ilimchukua majuma matatu kumeza kiburi. Siku tuliyokwenda, alivaa shati alilolipiga pasi mara mbili. Mama mdogo alitupa viti, uso wake mkavu, na baba akazungukazunguka na habari za joto mpaka nikaona haya kwa niaba yake.

"Shemeji, nimekuja kuomba mnanaa," akasema mwishowe.

"Ule ulioung'oa?"

"Ule ule."

Mama mdogo akamwambia hiki ni kiangazi, kitawi kitakauka kabla hakijashika, arudi mvua zikianza. Baba aliona amefukuzwa kwa adabu. Kumbe hakufukuzwa. Mvua ya tatu iliponyesha, mama mdogo alipiga simu mwenyewe.

Alitukatia vitawi vitano, kila kimoja urefu wa kiganja, chini kidogo tu ya kifundo panapoota majani, akayatoa majani ya chini. Baba akavitia kwenye glasi ya maji dirishani, akawa anavichungulia kila asubuhi kabla hajanawa uso. Siku ya kumi vilikuwa na mizizi myeupe. Akavipanda jioni, jua likiwa limepoa, kwenye beseni kuukuu alilolitoboa chini, udongo umechanganywa na samadi, mahali panapopata jua la asubuhi tu. Mama mdogo alikuwa amemwonya asiupande ardhini, maana mnanaa ukipewa ardhi hauulizi mipaka.

Vyote vitano vilishika. Taabu ikaanza hapo, kwa sababu baba hakutaka uguswe. Nikisogea na kisu, ananikemea kutoka mezani, niuache, bado mchanga. Mwezi, miezi miwili, mitatu. Ukarefuka, mashina yakawa magumu kama kuni, majani yakapungua, ukatoa maua. Chupa ya mama ilikuwa bado kavu. Nilipomwambia unaharibika, akajibu kwamba mnanaa ni wake. Nikampigia mama mdogo.

Alikuja kesho yake, akapita moja kwa moja hadi uani. Hakutaka hata kukaa.

"Shemeji, huu unakufa," akasema. "Mnanaa unataka kukatwa, la sivyo unajimaliza wenyewe."

"Niliung'oa mara moja," baba akasema. "Mkono hauendi tena."

Mama mdogo akachukua mkasi wa nyuzi pale mezani, akamshikisha, akaufunika mkono wa baba kwa mkono wake mwenyewe, wakakata shina la kwanza pamoja. La pili baba alikata peke yake. Aliendelea mpaka beseni likabaki na vishina vifupi vya urefu wa vidole viwili, na ua mzima ukanukia.

Nilidhani atafurahi. Baba aliketi chini kwenye saruji, akafunika uso kwa viganja vilivyojaa harufu ile, akamwita mama kwa jina la mapenzi ambalo maishani mwangu sikuwahi kulisikia. Aliliita mara moja tu, kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayetaka kujua mwenzake yuko chumba gani, kisha akasubiri jibu.