Nilipofunga Ramadhani Nzima

Mimi ni Zaituni wa Karatu, na kwa asili ni mtu wa kushuku. Ukiniambia chai ina sukari, naionja kwanza. Nayasema haya mapema mjue ni nani anayewasimulia.

Baba yangu ana duka la nafaka mjini, na mimi ndiye niliyehudumia wateja. Nilikuwa mzima, mwenye mdomo, na sahani yangu hairudi na kitu. Siku moja shangazi alikuja kutoka Kondoa. Akanishika mikono pale mlangoni. "Mashaallah, Zai! Umenenepa!"

Kwetu hiyo ni sifa. Maana yake umetulia, nyumba ina heri. Lakini mwaka ule bibi aliyenilea alikuwa amefariki, uchumba wangu umevunjika, na simu yangu imejaa wasichana wenye viuno vya nyigu. Neno lile liliniingia kama tusi. Nikajiuliza, kumbe ndiyo maana yule bwana aliniacha?

Nikaacha chakula cha usiku, kisha ugali, kisha chochote chenye mafuta. Baba akienda kuswali, nilipanda mzani wa magunia. Ukionyesha nimepungua, niliona umeharibika. Mama nilimshuku kwamba ananitilia samli kwenye mboga kwa siri, basi nikawa nanusa sufuria kabla ya kupakua. Njaa ikinishinda nilikula mkate mzima, halafu nikajifungia chooni nikajitapisha kwa vidole. Meno yakaanza kuuma, nywele zikawa zinabaki kwenye kitana, baridi ikanipenya hata nikiwa juani. Hedhi ikakatika. Sikumwambia mtu.

Ramadhani ilipoingia nilifurahi. Mwezi mzima, hakuna wa kuniuliza kwa nini sili! Wakati wa daku nilijisingizia usingizi. Wakati wa kufuturu nilikula tende nikakimbilia tarawehe. Majirani wakasema, "Binti mcha Mungu huyo." Mama peke yake hakunisifu. Mwezi ulipoisha aliniita jikoni, akafunga mlango.

"Zaituni, umefunga yote?"

"Yote, mama."

"Hujaacha hata siku moja? Mwanamke wa umri wako, siku zako ziko wapi? Na chooni nakusikia unatapika. Mimba ni ya nani?"

Niliapa sina mimba. Hakuniamini, na ningekuwa yeye nami nisingeamini. Kesho yake akanipeleka hospitali, na tukiwa kwenye benchi nikaanguka.

Mimba haikuonekana. Virusi havikuonekana. "Pimeni tena," mama akang'ang'ania. Daktari, mwanamke wa makamo, akamwomba mama atupishe kidogo. Akatazama sugu za meno kwenye vidole vyangu, akauliza taratibu, "Ukila, unaogopa nini?" Nikamshuku hata yeye, nikadhani ametumwa. Kisha nikalia mpaka kwikwi, nikamweleza yote tangu neno la shangazi.

Alinieleza kwamba kutapika kumemaliza madini kwenye damu, na moyo wangu unapiga ovyo. "Ukiendelea hivi, moyo unaweza kusimama wakati wowote," alisema. Niliogopa kufa. Akasema huu ni ugonjwa wa ulaji, unashika akili na mwili pamoja, si laana wala maringo. "Na shangazi yako hakukuroga. Neno lake lilikukuta umeshaumia."

Nililazwa. Mama alikuja na supu ya mbuzi na ugali wa kushibisha wachunga ng'ombe, daktari akamzuia. Mwili uliokaa na njaa ukijazwa ghafla unaweza kufa. Tulianza kidogo kidogo, damu ikipimwa. Nyumbani nilipangiwa milo, nikala mbele ya mtu, nikakaa naye baada ya kula ili nisiende chooni. Mshauri nasaha nilimwona kwa muda mrefu, na nilirudi nyuma zaidi ya mara moja. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Nilimshuku mama, nikashuku mzani, kumbe mwongo ni sauti iliyokuwa kichwani mwangu. Bado huja. Siku hizi naishuku yenyewe.

Nanyi, mkimwona mtu anakwepa mezani, anakimbilia chooni kila akila, au anafunga kupita kiasi, msimwanzie kwa mashtaka. Mpelekeni hospitali, hata kama mwili wake ni mnene, maana ugonjwa huu haumshiki mwembamba tu. Na mkisalimiana, ulizaneni habari. Miili ya watu iacheni.

Namshukuru Mungu, namshukuru daktari yule, na zaidi namshukuru mama. Ramadhani iliyofuata nilikatazwa kufunga, na sheikh wetu akasema mgonjwa ana ruhusa. Mchana, yeye akiwa na swaumu yake, mama alinipikia ndizi na nyama. Kuonja hakutaka. Akaniletea mchuzi kwenye kijiko.

"Niambie kweli, chumvi imetosha?"

Nikaonja. "Bado kidogo, mama."

Hakuniuliza mara ya pili. Akaongeza chumvi, akapakua, akakaa pembeni yangu na njaa yake mpaka nikamaliza sahani.