Mama Stamata wa Kalopetra, Aliyebatizwa kwa Jina la Amri

Alizaliwa mwaka 1791 katika kijiji cha Kalopetra, kusini mwa nchi ya Mani huko Ugiriki, mahali ambapo mawe ni mengi kuliko udongo na kila ukoo huishi katika mnara wake. Baba yake, Pieros Lambreas, alikuwa na mabinti wanne tayari, na katika Mani ya siku zile mtoto wa kiume aliitwa bunduki. Wa kike hakuitwa kitu. Mkunga aliposhuka ngazi za mnara kimyakimya, Pieros alielewa. Siku ya ubatizo Padre Sarandos akauliza jina, na baba akajibu bila kugeuza shingo, "Mwite Stamata." Kwa Kigiriki neno hilo ni amri: simama, koma. Wazazi wengi walikuwa wamelitoa kabla yake, waliochoka kuzaa mabinti au waliochoka kuzika, wakimsihi Mungu afunge mlango. Padre akacheka. "Pieros, unabatiza mtoto au unasimamisha punda?" "Vyovyote vile, Padre, mradi aliye juu asikie." Mwaka uliofuata akazaliwa Ligoris, mtoto wa kiume, na Pieros akafyatua risasi hewani mpaka njiwa wakahama kijiji.

Stamata hakulichukia jina lake. Mama yake, Pagona, alimwambia kwamba ndiye aliyemfungulia mdogo wake njia, naye akaridhika na hilo. Alikua mcheshi, mwenye sauti nzito, akipenda kukusanya chumvi kwenye mashimo ya miamba ya pwani. Wanawake walipomuuliza mbona haolewi, alisema, "Mume ataniita, nami nitasimama papo hapo. Kazi atafanya nani?"

Ukoo wa Lambreas na ukoo wa Kosonakos walikuwa wakiwindana tangu enzi za mababu, kwa ugomvi wa kisima ambacho kilikwisha kukauka. Binamu wa Pieros alipouawa, zamu ya kulipa kisasi ilimwangukia Ligoris. Asubuhi moja ya Septemba, mwaka 1813, kijana alijilaza nyuma ya ukuta wa shamba la mizeituni, akamlenga mzee Kiriakulis Kosonakos aliyekuwa akipita na nyavu zake za kunasia kware. Pagona hakujua lolote. Alipanda juu ya paa ili amwite binti yake kutoka pwani, akapaza sauti: "Stamataaa!"

Ligoris alijua kwamba anayeitwa ni dada yake, lakini kidole kilikataa kuvuta. Mzee naye alisimama, akageuka, akaona mtutu. Stamata alikuwa akipanda na kikapu cha chumvi kichwani. Akaenda kusimama katikati yao, kwa kuwa desturi ya Mani ilikataza kumpiga mwanamke risasi. "Mama ameniita mimi," alisema, "mbona mmesimama nyinyi?" Akamgeukia mzee. "Nenda zako, babu. Kware hawatakusubiri. Na wewe Ligoris, nibebee hiki kikapu, shingo inaniuma."

Siku ile alitambua wito wake. Lakini Pieros alimfukuza nyumbani kwa kuutia ukoo aibu, naye akaenda kukaa katika kanisa dogo bovu lililokuwa katikati ya minara ile miwili. Padre Sarandos akamvika vazi la utawa. Mvua ilimpiga humohumo ndani, wanawake wa pande zote mbili wakapita wakitema mate, na vijana wakampigia kelele, "Simama anakuja, simameni!" Naye alisimama kweli, akacheka pamoja nao, kisha akaendelea kuwachotea maji wajane wa Lambreas na wajane wa Kosonakos kwa mtungi uleule. Kila Kwaresima aligonga mlango wa baba yake na kumsihi akaombe amani. "Nilikupa jina hilo ili mabinti wakome," Pieros alifoka, "siyo ili uje kuniamrisha mimi!" Akamjibu, "Baba, jina ulishalitoa. Ukishatoa si lako tena."

Katika Kwaresima ya mwaka 1820 Pieros alitoka mnarani bila silaha, kichwa wazi, akavuka mpaka mlangoni kwa maadui zake. Mzee Kiriakulis alimzuia asipige magoti. "Mimi ninaishi kwa sauti ya mkeo," alisema. "Ingia ndani, dengu zinapoa."

Mama Stamata aliishi miaka mingi baada ya hapo, akifundisha mabinti kusoma na kuponda chumvi, akafariki katika juma la Pasaka mwaka 1858. Mtawa mwenzake alipomuuliza kama anaogopa, alisema, "Niogope nini? Nimeshiba." Husimuliwa kwamba mtoto mmoja alipoteleza kutoka juu ya mnara, mama yake alilia jina la mtakatifu huyu, "Stamata!", na mtini uliomea ukutani ukamdaka. Bibi mmoja wa Kosonakos, mwenye wana wengi, alipopata binti alimwomba padre ambatize Stamata. "Hutaki mabinti wengine?" padre akauliza. "Nataka huyu akae," alijibu. Na tangu hapo koo zote mbili hulitoa jina hilo kwa furaha.

Basi nawe, mpendwa, ukiwa na neno na jirani yako, usingoje aanze yeye. Siku ya kumbukumbu ya Mama Stamata watu wa Kalopetra hutandika meza moja mbele ya kanisa lake, na kila mmoja huketi karibu na yule asiyesalimiana naye, akammegea mkate kwa mkono wake. Wengine hula wakiwa wamenuna. Lakini hula.