Gitaa Lililosikilizwa kwa Taya

Mpiga besi wa kwaya ya mtaa wa Muhumba huja kila Jumamosi kwenye kibanda cha Maman Apolline, muuza vyombo vya muziki vya mitumba, na husalimia watu kwanza, magitaa baadaye. Anatafuta gitaa la umeme lisilomvunja mgongo kwa bei. Umeme wenyewe mara nyingi haupo, na bila umeme mlio wake ni hafifu, kwa hiyo hulikumbatia gitaa, akaling'ata ubao pembeni, akafumba macho na kulisikiliza kwa taya. Akimaliza hulipangusa vizuri kwa leso. Kidole gumba chake kipana hutembea kwenye nyuzi mbili nene tu. Nne nyembamba hazigusi kamwe. Apolline, aliyezoea vijana wa kuja kujionyesha kwa vidole vya mbio, huona ajabu mtu kununua gitaa zima kwa ajili ya nyuzi mbili.

Leo aling'ata lile jekundu lililobambuka rangi, la bei ya chini kuliko yote, na hakuliachia. Akapiga wimbo wa matoleo, sauti ya besi peke yake, taratibu. Muuza sambaza wa jirani akaanza kuimba huku akipima samaki wake, fundi viatu akamfuata, Apolline naye akajikuta katikati ya ubeti.

Wimbo ulipokwisha akamuuliza, "Papa, na hizi nyuzi ine zingine, iko na kazi gani?"

Akafungua jicho moja, taya bado kwenye ubao.

"Ile ni yenu, maman. Si mumetoka kuziimba?"