Mboga Bila Ugali

Enzi zetu chakula kilikuwa kimoja tu, na kilikuwa ugali. Vingine vyote, hata jogoo mzima aliyechinjwa kwa ajili ya mjomba, viliitwa mboga. Nyama ilikuwa mboga, samaki mboga, maziwa mgando mboga, na mtu aliyekula kuku bila ugali alikwenda kulala akijihesabu hajala. Ninyi mliokulia huku Usukumani mnanielewa. Hawa watoto wetu wa leo, wanaokula majani mabichi na kusema wameshiba, sijui matumbo yao yaliumbwa siku gani.

Nakumbuka jioni za kule Tinde tulipokuwa wadogo. Tulicheza rede nyuma ya zizi, vumbi limetujaa hadi kwenye kope, lakini sikio moja tuliliacha jikoni. Mwiko ulipoanza kugonga sufuria, mchezo uliishia hapo hapo, hata kama ulikuwa unashinda. Mama alisonga ugali wa mtama kwa mikono miwili, amepiga goti, kanga ameikaza kiunoni, jasho linashuka hadi kidevuni. Baba na kaka zangu walikula uani penye moto wao. Sisi wasichana tulibaki jikoni na mama, na nsansa, yale majani ya kunde yaliyokaushwa juani na kuungwa kwa karanga. Baadaye tuligombania ukoko mpaka mama atishie kumtupia mbwa. Ukisusa, aliuliza swali moja tu, fimbo mkononi: “Unasusa chakula, unajua kesho kitakuwepo?” Tulikuwa hatujui, basi tulikula.

Sasa fikiria mtu wa malezi hayo umwambie ale kabichi na nyama ya kusaga kwenye kikaango, basi, hicho ndicho chakula cha jioni.

Mama yangu sasa ni mzee sana, na mwaka huu sukari ilimpanda. Nikamtoa Tinde nikamleta kwangu hapa Kambarage, Shinyanga mjini, ili nimwangalie mwenyewe. Daktari alimpa vidonge, kisha akasema apunguze wanga. Apunguze. Nilimsikia kwa masikio yangu mawili. Kosa langu lilikuwa kumpigia simu binti yangu Minza, ambaye anapika kwenye kantini ya mgodi huko Geita. Huko wanawapikia wageni wa kila rangi, naye siku hizi anajua vyakula vya Kichina, vya Kikorea na vya nchi nyingine ambazo sikuzisoma darasani. “Kupunguza” ya daktari ilipofika kwa Minza ikawa “kuacha kabisa”.

“Mama, ugali ni sukari tupu. Na nyumba nzima mle kama bibi, la sivyo atatamani.”

“Nyumba nzima? Na baba yako?”

“Baba naye ana kitambi. Na huo unga uondoe jikoni, macho yasiuone.”

Binti niliyemlisha ugali huo huo mpaka akapata nguvu za kunipa amri! Lakini mama ni mama yangu, na habari za watu waliokatwa miguu kwa sukari nilikuwa nazo. Nikabeba ndoo ya unga, magunia ya mahindi na mchele wetu wote, nikavifungia katika chumba alicholala Minza zamani. Ufunguo nikautia kwenye mkoba wangu wa kanisani. Jikoni pakabaki pembe tupu.

Kisha video ikaingia kwenye simu. Nyama ya kusaga, kabichi iliyokatwa nyembamba, karoti, hoho, tangawizi, kitunguu saumu, soya sosi, na ufuta wa kunyunyizia juu. Kikaango kimoja, moto mkali, dakika kumi na tano umemaliza. Hizo dakika kumi na tano nani kazihesabu? Kukata ile kabichi iwe nyembamba kama anavyotaka mwanangu kulinichukua jioni nzima, na kidole kimoja nikakichanja. Tangawizi tuliizoea kwenye chai, leo naambiwa niitie kwenye nyama. Soya sosi nilimimina kama ninavyomimina mafuta, chakula kikawa cheusi na chumvi ya kukaza ulimi. Halafu nikafunika, maana tangu nizaliwe sijaona kabichi ikipikwa wazi. Nilipofunua, nyama ilikuwa inaogelea.

“Umefunika?” Minza akauliza kwenye simu.

“Nimefunika. Wewe ulikulia kwenye nyumba ambayo vyakula havifunikwi?”

“Mama, ikifunikwa inatoa maji. Inatakiwa ikaangike, ilie kidogo mdomoni.”

Nilitamani kukitupa kile kikaango barabarani. Lakini kesho yake nikarudia, bila kifuniko, moto juu, nakoroga kama niliyepandwa na mashetani, na lazima niseme ukweli: harufu ya tangawizi na kitunguu saumu ilipopanda, mate yalinitoka. Nikapakua kwenye sahani nzuri, nikanyunyiza ufuta, nikaita watu mezani huku najisikia mwanamke wa maana.

Mume wangu alikula vizuri, akasifu. Kisha akaweka mkono wa kulia juu ya goti akatulia, kama mtu aliye kituoni anasubiri basi.

“Mama Minza, mboga imekubali. Chakula kinakuja?”

“Kula mboga kwanza,” nikamjibu, maana nilijua nikimwambia ukweli atachukua kofia aende kwa rafiki zake. Akala mboga, akasubiri tena. Alisubiri mpaka nikaanza kuosha vyombo.

Mama alikuwa akitutazama. Alikuwa amekula vijiko viwili. Akaisogeza sahani yake taratibu mbele ya mkwewe na kusema, “Mpe Baba Minza. Mimi nimeshiba.”

Ikawa hivyo kila jioni. Nilibadilisha nyama nikaweka kuku, nikabadilisha kuku nikaweka mayai, nikanunua uyoga ambao bei yake sitaki kuikumbuka. Anaonja, anashukuru, “wabeja, mwanangu,” anaisogeza sahani. Nikambembeleza, nikanuna, nikaongea peke yangu jikoni kwa sauti ya kumfikia sebuleni. Nilisema moyoni, huyu mama anafanya makusudi. Ananiadhibu kwa ajili ya ugali. Alinichapa mimi kwa kususa chakula, leo yeye ndiye anasusa, na sina fimbo ya kumchapia. Uzee na utoto ni mtu na jirani yake, jamani.

Halafu wakaja wanawake wa jumuiya kumsalimia mgonjwa. Niliwaacha naye sebuleni nikaenda kuchemsha chai. Kesho yake jioni jirani yangu Mama Pendo akaingia na hotpoti kubwa, kaifunika kitambaa cha maua, akaiweka mezani.

“Nimepika nyingi,” akasema bila kuniangalia. “Ni zawadi tu.”

Nikafunua. Ugali. Ugali moto, mkubwa, wa kulisha watu wa msiba. Mume wangu aliyekuwa chumbani na mlango umefungwa akatokea hapo hapo, na sikumwita. Nilipandwa na hasira mpaka masikio yakawa moto. Kwa hiyo mama yangu amewaambia watu kwamba namlaza njaa! Mimi, ambaye vidole vyangu vinanuka kitunguu saumu hata kwenye sala!

“Mama Pendo, mimi nina jiko,” nikamwambia. “Chukua hotpoti yako.”

Akaichukua. Mume wangu aliisindikiza kwa macho hadi getini.

Sikumuuliza mama kitu. Nilijua nikifungua mdomo nitamkosea adabu, na mzazi hakosewi adabu, hata akikuaibisha mtaa mzima. Nikanyamaza na hasira zangu, naye akanyamaza na zake, nilivyodhani.

Asubuhi moja nikampelekea chai, nikamkuta amekaa kitandani, gauni limelowa jasho na mikono inatetemeka. Akaniita kwa jina la dada yake aliyefariki zamani. Kikombe kilinidondoka. Mume wangu akakimbia barabarani kuita bajaji, tukampakia, na njia nzima nilikuwa nimemkumbatia nikimwambia mayu, mama yangu, usilale.

Pale zahanati, muuguzi alimtoboa kidole, akatazama kipimo, akaita sukari iletwe haraka. Wakamnywesha maji ya sukari. Sukari ile ile niliyoifukuza nyumbani kwangu! Baada ya muda macho yake yakatulia, akanitambua. Muuguzi akanigeukia.

“Vidonge anameza?”

“Kila siku, nampa mwenyewe.”

“Na chakula anakula?”

“Nampikia kila siku. Vizuri kabisa.”

“Sijauliza kama unapika, mama. Nimeuliza kama anakula.”

Akasema dawa ile haitaki tumbo tupu, na kwamba kulala bila kula kunaweza kumwondoa mzee haraka kuliko ugali. “Mboga yako ni nzuri, iwe nyingi. Ugali mpe kidogo, kiasi cha ngumi yake. Lakini ale.”

Tulipomrudisha nyumbani Mama Pendo alikuwa ameshafika kutusubiri. Mama alipolala, yeye akanivuta jikoni, na mimi nikajiandaa kwa vita.

“Mama Minza, usinikasirikie. Siku ile ya jumuiya bibi alinishika mkono. Alisema, ‘Unga umeisha kwa mwanangu na anaona aibu kusema. Mkwe wangu anasubiri ugali kila jioni na hauji. Mimi ni mzee, nawaachia wao wale. Wapelekeeni kidogo, lakini mseme ni zawadi, msimwambie kama nimesema.’”

Nikakaa juu ya kigoda.

Maana hapo nikaukumbuka mwaka ule wa njaa. Mvua iligoma, mtama ukakauka ukiwa magotini, ng'ombe wakawa ngozi na mifupa. Wasukuma tuna adabu moja kuhusu nzala, njaa kama ile: mwanamke hatangazi kwamba ghala limekwisha. Kutangaza ni kumvua nguo mume wake hadharani. Mama alikuwa akiinama kwenye kihenge kitupu, anakwangua kwangua ndani tusikie, kisha anatuletea mgagani uliochemshwa na chumvi, na pengine kipande cha nyama ya ng'ombe aliyekufa. “Kuleni mboga kwanza,” alituambia, “ugali unakuja.” Tulikula, tukasubiri, tukasinzia tukisubiri. Naye tulipomuuliza mbona hali, alisema ameshiba, alikuwa anaonja jikoni. Nilimwamini. Mtoto atajuaje?

Kumbe jioni zote hizi mama hakuwa amesusa. Aliona pembe tupu jikoni, akamsikia binti yake akisema kula mboga kwanza, akamwona mkwe akisubiri, akajua yuko wapi. Hakuuliza, maana mwenye adabu haulizi. Alifanya lile alilolijua. Na mimi niliyempikia kwa hasira kila siku ndiye niliyemrudisha kwenye mwaka ule.

Alipoamka nikamshika mkono, nikamwongoza hadi mlango wa chumba cha Minza. Nikafungua. Akasimama kizingitini akiegemea fimbo yake, akatazama. Kisha akaingia, akagusa gunia moja, akagusa la pili, akalipiga kofi kama mtu anavyompiga ng'ombe ubavuni. Akafunua ndoo, akaingiza mkono kwenye unga mpaka kwenye kifundo, akanusa vidole.

“Kabula, hivi vya nani?”

“Vyetu, mayu. Vya shambani kwetu.”

“Vyote?”

“Vyote. Tulificha kwa ajili ya sukari yako. Ni Minza na simu yake. Ni mimi.”

Akakaa juu ya gunia. Nilitegemea alie. Badala yake alinitazama kwa macho makali ambayo sikuwa nimeyaona tangu nikiwa na miaka kumi.

“Kwa hiyo nusura nife kwa njaa kwa ajili ya watu wenye magunia!”

Halafu akacheka. Alicheka mpaka fimbo ikaanguka, na mume wangu akaja mbio akidhani kuna jambo. Mimi ndiye niliyelia, tena kwa kelele, uso nimeuficha kwenye kanga yake yenye harufu ya dawa.

Minza nilimpigia nikamwambia yote. Safari hii hakunipa amri, aliuliza tu kama bibi anaweza kuongea. Waliongea Kisukuma, cha Minza kibovu, na sikuingilia.

Watoto wetu hawana habari na nzala, na Mungu awape wasiijue kamwe. Lakini ndiyo maana wanaweza kumwondolea mtu ugali mbele yake kwa roho nyeupe, wakadhani wameondoa unga tu. Zamani mama zetu walikwangua kihenge kitupu ili tuamini kimejaa. Siku hizi sisi tumefunga chumba kilichojaa, tukamwacha mzee aamini ni kitupu. Tuna kikaango kisichoshika, jiko linalowaka kwa kubonyeza na elimu ya wanga kwenye simu, na bado tulishindwa kumlisha mtu mmoja.

Jioni ile nilikaanga kabichi na nyama kwa moto mkali, bila kifuniko. Mama alisonga ugali mwenyewe, mdogo sana, nami nikamshikia sufuria. Tukaketi. Nikasubiri agawe kwanza, atazame nani hajapata, aanze kusogeza sahani kama kawaida yake. Akamega tonge, akachota nalo mboga yenye tangawizi, akatia mdomoni bila kumtazama mtu. Maishani mwangu mwote, ndiyo mara ya kwanza kumwona mama yangu akitangulia kula.