Furushi Nililokamata Langoni Kwangu

Nichekeni tu, hata mke wangu bado anacheka. Mimi hukagua leseni za wauzaji wa miraa hapa Kianjai, kwa Wameru, na nikiwa kazini sijui jirani wala shemeji. Ila mimi ni mtu wa Embu, kwetu hutafunwa majani ya muguka, si vijiti vya miraa. Nilioa Mmeru bila kuuliza mila zao.

Jumamosi narudi nyumbani, nakuta wazee watatu langoni kwangu, karibu kabisa na shule ya msingi, wamebeba furushi la miraa lililofungwa vizuri kwa majani ya ndizi. Yaani hawa wanakuja kuuzia mlangoni kwa mkaguzi!

"Leseni iko wapi?"

"Hii si ya kuuza, Baba Kendi," mmoja akasema kwa upole. "Ni yako."

Hongo, tena mchana! Nikawanyang'anya furushi, nikakata kamba mbele ya majirani, nikatafuna kijiti kimoja kuthibitisha kwamba ni miraa kweli. Wazee wakapiga makofi. Nikadhani wanaheshimu sheria.

Mke wangu akatoka mbio. "Umefungua? Hiyo ni ncoolo! Baba wa msichana akiifungua, amekubali posa!"

"Posa ya nani?"

Nyuma ya wazee akachomoza kijana niliyemfungia kibanda cha miraa wiki jana, amevaa suti. Kendi, binti yangu, alikuwa tayari mlangoni na birika la chai.

Mzee akanipa mkono. "Uliuliza leseni, mkwe. Si umeshatupatia?"